Kaimu Mkaguzi wa Vyumba vya Wageni

Siku tangazo lile lilipobandikwa kwenye ubao wa halmashauri, mtu wa kwanza kulisoma kwa makini hakuwa mwenye nyumba wala mpangaji. Alikuwa mwanamume mmoja aliyekuja kujikinga mvua chini ya kibaraza, amevaa koti la kijivu lililonyooka kwa pasi, mkononi mkoba wa ngozi ambao ndani yake mlikuwa na kitana, gazeti la juzi na nusu mkate. Watu walimwita Kaimu.

Jina hilo alilitolea jasho. Katika miaka kumi na minne alikuwa kaimu katibu wa ushirika ambao ulikuwa haujaundwa, kaimu meneja wa kiwanda kilichokuwa kimefungwa, na kwa wiki mbili kaimu mganga, kazi aliyoiacha kwa hiari yake siku mgonjwa wa kwanza alipolala kitandani na kuvua shati. Uzuri wa cheo hicho aliutambua mapema. Mtu akisema yeye ni mkurugenzi, watu humwuliza barua ya uteuzi. Akisema yeye ni kaimu mkurugenzi, humwonea huruma na kumpa kiti. Ila viti vyenyewe havikumkalisha muda mrefu. Kaimu mwenyewe, akisimulia haya, hukiri kwamba kama utapeli ungekuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka, yeye angekuwa bado anarudia darasa.

Tangazo lilisema kwamba kuanzia mwezi uliofuata, mtu yeyote anayepangisha nyumba au chumba kwa wageni wa chini ya siku thelathini sharti awe na kibali. Chumba kipimwe. Dirisha liwe la kiasi na lifunguke. Pawepo mtungi wa kuzimia moto, sanduku la huduma ya kwanza, daftari la wageni, na namba ya kibali juu ya mlango mkubwa. Asiye na kibali, hana ruhusa ya kupokea mgeni hata wa usiku mmoja. Vilikuwa vifungu kumi na kimoja, vimeandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Alikuwa kwenye kifungu cha saba aliposikia mtu anapumua begani kwake. Alikuwa mwenye duka la dawa la kona, mtu mnene mwenye mwavuli, ambaye juu ya duka lake alikuwa na vyumba akivipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu. Alikuwa amesahau miwani, akamwomba ndugu yule amsomee. Kaimu akamsomea, na kila alipofika penye adhabu akashusha sauti kama daktari mwenye majibu mabaya. Alipomaliza, mwenye duka alilitazama koti, akautazama mkoba, akautazama na mlango wa ofisi uliokuwa nyuma yao.

"Na wewe hapa ofisini ni nani?"

Kaimu anaapa mpaka leo kwamba alikusudia kusema ukweli, yaani kwamba anasubiri mvua ikatike. Ulimi ukamtangulia.

"Kaimu mkaguzi."

Mvua ilipokatika walikuwa wameshaagana kukutana dukani kesho yake saa tatu asubuhi.

Ukaguzi unataka vifaa. Kaimu alikwenda kwa mchonga mihuri wa sokoni, akaagiza muhuri wa Idara ya Ukaguzi wa Makazi ya Muda, idara ambayo ilizaliwa palepale kwenye kiti cha mteja. Mchonga mihuri hakuuliza neno, maana katika kazi yake maswali hufukuza wateja. Fomu zilichapishwa dukani kwa mpiga chapa, na kwa kuwa Kaimu alipenda kazi nzuri, alizitia mistari, visanduku na sehemu ya maoni. Futi kamba aliiazima bila kuomba kutoka kwenye droo ya cherehani ya dada yake.

Huyu dada alikuwa mkubwa wake kwa miaka tisa. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemshonea lile koti, na ndiye aliyempa chumba cha uani alale bure. Katika mji mzima alikuwa mtu pekee ambaye hajawahi kumwita Kaimu. Akiwa na furaha alimwita mdogo wangu, na siku nyingine zote alimwita wewe.

Sasa futi kamba ya fundi cherehani imetengenezwa kupima viuno vya watu. Vyumba vya mwenye duka la dawa vilikuwa virefu kuliko kiuno chochote kilichowahi kushonewa, kwa hiyo Kaimu alilazimika kupima kwa vipande, akipiga magoti, akiweka kidole mwisho wa futi, akitambaa, akiweka tena. Mara mbili alisahau kidole kilikuwa wapi. Mwenye duka alisimama mlangoni akitazama kwa heshima, kwa sababu hakuwahi kuona mtumishi wa umma anayechafua magoti yake.

Vyumba viwili vilikuwa vyumba. Cha tatu kilikuwa stoo ya katoni za dawa ya kikohozi, giza tupu. Mwenye duka alitaka kihesabiwe.

"Dirisha liko wapi?" Kaimu aliuliza.

"Lilikuwa pale, baba yangu akaliziba."

"Unalikumbuka?"

"Vizuri sana."

Kaimu akaandika kwenye fomu: dirisha lipo, kwa kumbukumbu. Akagonga muhuri, akapokea ada, akashuka ngazi akiwa amejifunza jambo ambalo miaka kumi na minne ya ukaimu haikumfundisha: kwamba hakuwa na haja ya kudanganya. Watu walikuwa na uongo wao tayari, umepikwa na kupakuliwa. Walichokosa ni muhuri tu.

Habari zilienea zenyewe. Mwalimu mstaafu aliyekuwa na uvungu wa ngazi alitaka uitwe chumba cha familia. Mama mwenye saluni alitaka kibanda cha kuku kiitwe chumba cha bustani, na kuku waliendelea kutaga wakati wa ukaguzi. Bwana mmoja alitaka kibali cha nyumba ya jirani, kwa kuwa jirani alikuwa safarini na funguo alimwachia yeye. Katika wiki moja Kaimu alikagua nyumba nane. Na kwa kuwa mkaguzi asiyeona kosa hudhaniwa kala rushwa, chini ya kila fomu aliandika: upungufu, hakuna mtungi wa kuzimia moto, urekebishwe. Nakala zote alizihifadhi mkobani pamoja na majina na mitaa, si kwa sababu ya maana yoyote, ila alipenda kuiona saini yake.

Kosa lake la kwanza lilikuwa furaha. Jioni moja, wakati wa kula, alimwambia dada yake kwamba amepata kazi halmashauri.

Dada aliweka kijiko chini. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha. Akaeleza kwamba naye amelisikia tangazo, na kwamba amekuwa akifikiria kile chumba cha uani. Kaimu angehamia chumba cha cherehani, na cha uani wangepokea wageni. Kesho yake alikuwa na mzigo wa sare za shule hamsini, na sindano siku hizi anaitunga kwa kupapasa.

"Macho yananiacha, mdogo wangu. Nikipata wageni wawili kwa mwezi, sare nitawaachia vijana." Akamsogezea bahasha. "Ada ni kiasi gani? Humu nimeweka akiba yangu yote. Nipelekee huko kwenu."

Ada aliyomtajia ilikuwa ileile ya wengine, maana hakujua bei nyingine. Kaimu alilala vibaya siku hiyo. Asubuhi alijiapia kwamba bahasha ile ataipeleka dirishani kwa wenyewe, apange foleni kama raia. Akaitia mfuko wa ndani wa koti, mbali na fedha nyingine. Kwa siku mbili mfuko ule ulikuwa mahali pekee pa uaminifu katika nguo zake zote.

Siku ya tatu alipita mtaa wenye kivuli, mbele ya nyumba ya geti jeupe, akasikia anaitwa.

Aliyemwita alikuwa mama wa miaka sitini hivi, kitambaa safi kichwani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa ameketi barazani na birika la chai mezani.

"Mwanangu, wewe ndiye yule mkaguzi? Pita. Nimekungoja mpaka chai imepoa."

Alisema wote humwita Shangazi, na yeye amwite hivyohivyo. Akampitisha nyumba nzima, vyumba vitano, jiko, ngazi na uani, kila mahali pamefagiliwa, kila shuka limenyooka. Kaimu alipotoa futi kamba yake ya viuno, Shangazi alimtazama kwa upole, akafungua pochi na kumpa futi ya chuma inayojikunja yenyewe. Kisha akamwuliza anakitafsiri vipi kifungu cha tisa, kile cha daftari la wageni, kama mtoto mchanga naye anaandikwa. Kaimu alikuwa hajakifikiria kifungu cha tisa tangu siku ya mvua. Akakohoa, akasema mtoto anaandikwa akianza kutembea. Shangazi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika.

"Watumishi wa namna yako wamekwisha," alisema. "Wengine wanakaa ofisini, wanapima nyumba za watu kwa dirisha la gari."

Kaimu hakuwahi kusifiwa kwa kazi, kwa sababu rahisi kwamba hakuwahi kuwa nayo. Sifa zilimwingia kama maji kwenye mchanga. Tangu dakika ile, husema mwenyewe, mtu angeweza kumvua viatu na asijue.

Shangazi akamfungulia moyo. Yeye ni katibu wa umoja wa wenye nyumba kumi na wawili, watu wazito, wenye majumba. Wote wanataka vibali, ila ni wagumu kushawishika. Jumamosi saa nne wangekutana hapahapa barazani. Kama wangekuta nyumba moja ya mfano, iliyotimia kila kitu, wangelipa wote siku hiyohiyo, naye Kaimu asingehitaji kutembea juani. Shida ni mitungi ya kuzimia moto. Hapo Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo.

"Mimi mtu mzima. Nikienda dukani wananiuzia mtungi mtupu. Watu wa siku hizi hawana haya."

Kaimu alishikwa na hasira ya kweli. Aliwafikiria watu wanaoweza kumtapeli mama kama huyu, akawaona ni wanyama. Ndipo akasema maneno ambayo humuuma kuliko yote, kwa kuwa hakuna aliyemwomba: kwamba mitungi ataileta yeye, mizima, iliyojaa, na Shangazi atamrudishia Jumamosi pamoja na ada. Shangazi alikataa. Kaimu akasisitiza. Shangazi akasema hapana, mwanangu, ni mzigo mkubwa. Kaimu karibu ampigie magoti. Mwishowe mama akakubali kwa shingo upande, akauliza tu, kama mtu anayepitisha wakati, ni nyumba ngapi ameshakagua mpaka sasa.

"Nane," Kaimu alisema.

"Basi na hapa mitungi minane ingetosha," Shangazi alisema. "Mmoja kila chumba, jikoni, ngazini na uani."

Mitungi minane mizima si kitu cha mchezo. Dukani Kaimu alimwaga alichopata kwa wiki nzima, na bado hakikufika. Muuzaji alikuwa akimtazama. Nyuma yake watu wawili walikuwa wanangoja. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani, na Kaimu aliuacha uende, akiuambia kwamba ni mpaka Jumamosi tu.

Jumanne aliipeleka kwa mkokoteni. Njiani mtungi mmoja ulianguka ukachubuka rangi ubavuni, akaupangusa kwa mkono wa koti. Aliitundika yote mwenyewe, misumari mdomoni, huku Shangazi akishika ngazi na kumwambia aangalie asianguke. Alipomaliza, mama alimshauri auache na mkoba palepale, na muhuri, fomu na zile nakala, ili amsaidie kuzipanga kwa mtaa kabla ya mkutano. Afisa hatembei na furushi kama mchuuzi, alisema. Kaimu aliondoka mikono mitupu, anajiona mwepesi kama mtu aliyepandishwa cheo. Siku tatu zilizofuata alizitumia kuandika hotuba.

Jumamosi saa nne kasoro robo alifika kwenye geti jeupe, kanyolewa, hotuba mfukoni. Barazani hapakuwa na viti kumi na viwili. Palikuwa na ndala za watoto. Alibisha, mlango ukafunguliwa na bwana mmoja aliyevaa bukta, mswaki mdomoni, ambaye kabla hajaulizwa alisema wao wamelipia mpaka Jumatatu.

Kaimu alikuwa bado anaikunjua sentensi hiyo kichwani wakati mtu mwingine alipoingia getini na shuka safi begani. Alikuwa fundi friji, na nyumba ilikuwa yake. Kaimu alimwuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, Shangazi yuko wapi.

"Yule mama? Kaondoka jana asubuhi." Fundi friji alitabasamu kwa kumbukumbu njema. "Alikuwa mgeni wangu wa wiki mbili. Mgeni safi, hata shuka kakunja mwenyewe. Ila mtungi wangu wa kuzimia moto nimeukuta uvunguni mwa kitanda, na kaniachia matundu ya misumari ukutani, sijui alikuwa anatundika nini."

Kaimu aliinua macho kuitafuta mbingu, akakutana na kibao cha bluu juu ya mlango. Kilikuwa kidogo, kimefungwa kwa skrubu mbili, na juu yake palikuwa na nembo ya halmashauri na namba ya kibali. Fundi friji alikuwa wa kwanza kujisajili mji mzima. Kaimu mkaguzi alikuwa amepita chini ya kibao kile kuingia na kutoka, akikagua nyumba iliyokwisha kukaguliwa, na hakuwahi hata mara moja kutazama juu ya mlango, mahali ambapo tangazo liliagiza namba iwekwe.

"Na wewe ni nani?" fundi friji aliuliza.

"Mpita njia," alisema Kaimu, akapita.

Miguu ilimpeleka mpaka duka la dawa kabla akili haijafika. Ukutani, chini ya ngazi ya kupandia vyumbani, palikuwa na mtungi mwekundu. Ulikuwa umechubuka rangi ubavuni. Kando yake, ndani ya fremu ya kioo, palitundikwa kibali kipya chenye muhuri wake mwenyewe na saini ya mtu aliyejiita Mkaguzi Mkuu.

Mwenye duka alimwona. Hakumpigia kelele, kwa kuwa ndani palikuwa na wateja. Alimsogelea akamweleza taratibu kwamba siku ya Jumatano alikuja mama mmoja wa heshima kutoka makao makuu, na orodha mkononi. Alieleza kwamba mjini kuna mtu anapita na fomu za uongo, akaomba radhi kwa niaba ya serikali, akabadilisha kibali kwa nusu ya ada. Na kwa kuwa fomu ilionyesha upungufu wa mtungi, alikuwa nao kwenye gari, akamuuzia papo hapo.

"Nyumba zote nane?" Kaimu aliuliza, na mara moja akatamani ulimi wake ungekatika.

"Umejuaje nane?" mwenye duka alisema. Kisha akainamisha kichwa karibu. "Ningekuitia polisi. Lakini wakija watataka kuona na ile stoo. Toka."

Kaimu alitembea mpaka jua likampiga utosini. Alikasirika kwanza, akataka kwenda kushtaki, akafika mpaka kona ya kituo cha polisi akijipangia maelezo. Alijaribu kuyaanza kwa namna nne. Kila namna, mstari wa pili ulimtia ndani yeye. Mchimba kisima, wanasema, huingia mwenyewe. Kaimu hakuwahi kusikia kwamba mtu anaweza kuchimba, kujengea ngazi na kununulia wenzake kamba kwa fedha yake.

Nyumbani dada yake alikuwa anashona sare ya thelathini na moja, uso karibu ugusane na sindano. Kaimu alikuwa ameandaa hadithi njiani, hadithi nzuri, yenye mwizi na pikipiki. Aliketi kwenye kigoda. Akaona namna dada anavyopapasa upindo kwa kidole gumba kabla ya kuusukuma, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hadithi ya pikipiki ikamfia mdomoni. Akasema yote, kuanzia mvua mpaka kibao cha bluu. Hata futi kamba aliitaja.

Cherehani ilinyamaza mahali fulani katikati ya habari za Shangazi. Alipomaliza, dada aliweka sare pembeni.

"Na bahasha yangu nayo ilikwenda kwenye mitungi."

"Nayo."

Dada alivua miwani. Kaimu alingoja matusi. Alikuwa tayari kwa matusi, angeyapokea kama dawa.

"Vua koti," dada alisema.

Alilivua. Dada akaligeuza ndani nje, akashika kiwembe, akaanza kufumua mshono wa mgongo aliokuwa ameushona mwenyewe miaka minne nyuma. Alifanya kazi ile alasiri nzima bila kumtazama. Alipunguza mabega, akabadilisha vifungo, na kabla jua halijashuka mwalimu wa hesabu wa mtaa wa pili alikuja akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akalipa. Kaimu, ndani ya shati, alimwona mwenzake akitoka na koti lile, akakiri moyoni kwamba lilimkaa vizuri zaidi. Dada alizitia fedha kwenye bahasha nyingine, akaifunga kwa gundi.

"Kesho kutwa tunakwenda wote," alisema. "Na foleni utasimama wewe."

Jumatatu walikwenda. Foleni ilianzia barazani, chini ya ule ubao. Karani wa dirishani alipewa bahasha, akaifungua, akaisukuma irudi. Akawaambia kwamba ada hailipwi mpaka mkaguzi afike na aridhike, na kwamba ni nusu ya hiyo waliyoleta. Kifungu cha kumi na mbili. Kaimu akasema tangazo lina vifungu kumi na kimoja, yeye kalisoma. Karani akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema hilo mara mia, kwamba cha kumi na mbili kiko nyuma ya karatasi.

Dada alimtazama mdogo wake. Kisha akacheka, kicheko kirefu cha kimya kilichomtoa machozi mpaka akashika ukingo wa dirisha. Kaimu anasema matusi yangekuwa afadhali.

Mkaguzi wa kweli alifika wiki iliyofuata, asubuhi. Alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vya vumbi, futi ya chuma kiunoni na daftari lililolowa jasho pembeni. Hakutaka chai. Alipima chumba cha uani kwa dakika mbili, akafungua dirisha na kulifunga, akauliza daftari la wageni, akaonyeshwa. Kaimu alisimama karibu na mlango, amevaa shati, ameombwa na dada yake asiseme lolote zaidi ya salamu.

"Kila kitu kiko sawa," mkaguzi alisema akiandika. "Upungufu ni mtungi wa kuzimia moto tu. Mkiununua, kibali mtakipata."

Dada akasema wataununua, ila mitungi siku hizi, sijui wengine wanapataje.

Mkaguzi akacheka kidogo, kisha uchovu ukamlegeza ulimi. Alisema kule mitaa ya juu amekuta ajabu. Nyumba nane, zote zimetapeliwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kwanza na mwanamume, halafu na mama mtu mzima. Vibali vyao alivichana vyote, akawafungia na stoo na mabanda ya kuku. Lakini akimtaja yule mama, watu hawataki kusikia baya. Karatasi zake zilikuwa za uongo, sawa, ila mitungi yake ilikuwa mizima, imejaa, tena ya daraja la kwanza. Yeye mwenyewe ameijaribu, na nyumba zile zimepita ukaguzi kwa ajili ya mitungi ile.

"Mwenye duka la dawa ananiuliza tutamrudisha lini," mkaguzi alisema. "Anasema tapeli kama yule ana faida kuliko maafisa wetu."

"Na huyo mwanamume?" dada aliuliza bila kuinua uso.

"Huyo?" Mkaguzi alirudisha kurasa nyuma, akasoma. "Mfupi. Viatu vimeliwa kisigino. Anapima akitambaa, futi yenyewe hajui kuisoma. Hakumwachia mtu hata kijiko." Akafunga daftari. "Huyo hakuna anayemtafuta."

Kaimu alifungua mdomo. Dada alimkanyaga mguu, akaukandamiza, wala hakuuinua.

Mkaguzi aligeuka. "Ulikuwa unasema kitu, kaka?"

"Nilikuwa nasema," alisema Kaimu, "pole na kazi."